Dola 107 za maua, na duka liko nyuma ya maktaba

Risiti ya maua tuliyompelekea mjane wa mzee mmoja wa mji huu wa Iowa, Marekani, ilisomwa katika mkutano wa familia zetu za Kongo, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Maua yenyewe dola 70, ada ya huduma dola 18, kupeleka dola 15, na ukiongeza kodi ya jimbo jumla inakuwa dola 107. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kadutu, kule kwetu Bukavu, akiilinganisha na mshahara wake ataielewa hesabu hiyo bila mimi kuendelea kuandika. Hata hivyo si ukubwa wa bei ulioniumiza, kwa maana tulichanga kwa moyo mmoja, na marehemu alistahili zaidi ya hapo. Kilichoniumiza ni kujua pesa ile ilikwenda wapi.

Ni lazima niseme kwanza marehemu alikuwa nani kwetu. Alikuwa mstaafu, mtu wa hapa hapa Iowa, ambaye kwa miaka mingi aliwapakia mama zetu katika gari lake mwenyewe na kuwafundisha kuendesha, wakati wa theluji na wakati wa jua, bila kupokea hata dola moja ya mafuta. Huu ni mji mdogo wa chuo. Basi lipo kwa ajili ya wanafunzi, na saa za usiku, wakati wenzetu wanapotoka zamu kwenye kiwanda cha nyama, halipo tena. Mama asiyejua kuendesha gari hapa hana kazi, hana soko, na mtoto akiugua usiku anabaki kumwangalia tu. Papa yule aliwatoa mama wengi katika hali hiyo, mmoja baada ya mwingine, na alipofariki kilio kilikuwa cha kwetu pia.

Sasa kilio cha hapa si kile mnachokijua ninyi mlioko Bukavu, Ibanda na Bagira. Hakuna turubai mbele ya nyumba, hakuna watu wanaolala kwenye viti, hakuna mama wanaofika na unga, maharagwe na makaa, wala bahasha ambayo jina la mtoaji linasomwa mbele ya wote. Marehemu huwekwa katika nyumba maalumu ya mazishi, familia hutoa tangazo lenye saa za kupokea wageni, kwa muda wa saa mbili au tatu tu katika jioni moja, na kesho yake watu wanazika na kurudi kazini. Mama mmoja mkubwa katika kundi letu alisema, «Papa huyu amewapa mabinti zetu usukani mkononi, hatuwezi kwenda kwake mikono mitupu.» Tukakubaliana kupeleka maua, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima ambayo watu wa hapa wanaielewa bila kufafanuliwa.

Kijana aliyepewa kazi hiyo aliandika kwenye simu jina la mji wetu pamoja na neno maua. Jibu la kwanza kabisa lilikuwa na jina la mji, picha ya shada zuri, na ahadi kwamba maua yangefika siku hiyo hiyo. Akalipa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Lakini kampuni ile haina duka hapa, haina gari, haina hata ndoo moja ya maji yenye maua ndani yake. Ina ukurasa wa intaneti na simu inayopokelewa katika jimbo jingine, na jina la mji wetu imeliazima tu, kama ilivyoazima majina ya miji mingine mingi ambayo haijawahi kuiona.

Niliyajua haya nilipokwenda kumshukuru mama aliyelitengeneza shada lile, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko picha. Duka lake liko nyuma ya maktaba ya mji, umbali mfupi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Aliniuliza tulilipa kiasi gani, na nilipomtajia alinyamaza, kisha akanionyesha karatasi ya oda. Kwake iliingia ikiwa ya dola 50. Katika hizo, makato ya kawaida ya biashara hii ni sehemu moja ya tano kwa aliyepokea oda kutoka kwa mteja na asilimia chache kwa mtandao unaoipitisha, hivyo mkononi mwake zilibaki dola 37 hivi, na humo humo atoe maua, utepe, mshahara wa dereva na mafuta ya gari. Sisi tulitoa dola 107. Mama huyu alikuwa na haki ya kutengeneza shada dogo la dola 37 na hakuna ambaye angemlaumu. Ila alikuwa amesoma kadi yetu, akaona imeandikwa kwamba maua yametoka kwa familia za Bukavu ambazo marehemu aliwafundisha mama zao kuendesha, na kwa kuwa naye alimfahamu mzee yule, aliongeza mawaridi meupe kwa gharama yake. Hakumwambia mtu. Nisingemuuliza kwa nini shada lilikuwa kubwa kuliko picha, tusingejua kamwe.

Mpango wa kupitisha oda kutoka duka moja hadi jingine haukuanza kwa ubaya. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliunda umoja wa kutumiana oda kwa telegrafu, ili mtu aliye New York aweze kumpelekea maua mama yake aliye Chicago bila maua yenyewe kusafiri. Unalipa kwenye duka la mtaani kwako, na duka la kule linatengeneza na kupeleka, sawasawa na vile ambavyo mtu wa Bukavu huacha pesa kwa wakala na ndugu yake akazichukua Lubumbashi. Hilo ni jambo jema, na aliyepokea oda anastahili chake. Lakini yule anayekaa katikati bila duka, akajifanya jirani yangu ili nimlipe ada ya kupeleka maua kutoka duka ambalo ninaweza kulifikia kwa miguu, huyo anakula jasho la watu wawili kwa wakati mmoja, langu na la fundi anayetengeneza maua. Majimbo kadhaa ya Marekani yametunga sheria za kumkataza muuza maua kudanganya mahali alipo, jambo linaloonyesha kwamba wenyeji pia wameumizwa. Mimi nasema wazi kwamba kuchuma faida juu ya rambirambi kwa jina la uongo ni aibu.

Kwa hiyo, ninyi mnaojiandaa kuja huku, na ninyi wazazi mliobaki Bukavu ambao watoto wenu wanasoma katika miji ya aina hii, yashikeni haya. Majibu ya juu kabisa kwenye simu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Teremkeni chini, tafuteni duka lenye anwani ya mtaa na picha ya mlango wake, kisha pigeni simu na kuuliza liko barabara gani, karibu na nini. Aliye hapa atajibu papo hapo, na wa mbali ataanza kubabaika. Msichague kwa picha. Tajeni kiasi mlicho nacho na rangi mnayopenda, mwacheni fundi achague kilicho kibichi siku hiyo, na pesa yenu itaonekana. Pigeni kabla ya saa sita mchana kama mnataka ifike siku hiyo, na mjue kwamba maduka mengi madogo hufunga Jumapili.

Kama ni msiba, someni tangazo lote hadi mwisho, kwa sababu familia nyingine huomba kwamba badala ya maua watu watoe sadaka kwa hospitali au kanisa, na ombi hilo huheshimiwa. Kama ni mgonjwa, ulizeni kwanza, maana vyumba vya wagonjwa mahututi kwa kawaida havipokei maua. Mama yule wa duka huuliza pia kama nyumbani kuna paka, swali ambalo lingewashangaza watu wa Nyawera, lakini lina sababu: mayungiyungi ni sumu kwa paka, huharibu figo zake, na hapa paka ni mtu wa nyumbani. Wakati wa baridi kali andikeni namba ya simu ya mpokeaji, kwa kuwa dereva hawezi kuyaacha maua mlangoni. Yataganda kabla hajafika kona. Kwa mwanafunzi wa bweni, jina kamili, jina la jengo na simu yake ni lazima, la sivyo maua yatabaki mapokezi hadi yanyauke.

Ninapoandika bei hizi nauona uwanja wa mama yangu kule Muhumba, mahali ambapo mvua na ubaridi wa mita 1,500 juu ya bahari huotesha kila kitu unachokichomeka ardhini. Kila Jumamosi wasichana walipita wakiomba maua ya altare, na hakuna aliyewahi kuuliza bei, wala mama hakuhesabu mashina. Hapa sehemu kubwa ya maua hutoka Kolombia na Ekwado, yanashushwa kwa ndege Miami, kisha yanasafirishwa kwa malori yenye baridi kama ya friji hadi katikati ya nchi. Sioni ajabu kwamba ni ghali. Mkulima alipwe, dereva alipwe, na mama aliyesimama tangu alfajiri akikata miiba alipwe kabla ya wote. Ndiyo maana uchungu wangu hauondoki ninapokumbuka kwamba katika dola 107 zilizochangwa na watu wanaokata nyama usiku, zaidi ya dola 60 hazikumfikia fundi wala mfiwa.

Mjane alitujibu kwa kadi aliyoiandika kwa mkono, moja kwa kila familia, majina yote yakiwa sahihi pamoja na ugumu wake kwa ulimi wa hapa. Mama zetu wameziweka sebuleni.

Tumekubaliana na mwenye duka kwamba oda za kundi letu zitapita kwake moja kwa moja, kwa simu ya mtu mmoja tuliyemchagua, na kupeleka ndani ya mji atatutoza dola 8. Wazazi mlioko Bukavu mnaotaka mtoto wenu ashike maua siku ya kupokea shahada, mwambieni atuulize namba hiyo mapema, kabla Aprili haijaisha, kwa sababu mwezi wa Mei sherehe za chuo huangukia karibu na Jumapili ya pili ambayo ni Siku ya Mama, na duka lenye gari moja haliwezi kuhudumia mji mzima kwa juma hilo.