Wadudu Waliotupimia Dawa Igunga

Msimu ule wa pamba nilikuwa nikimsaidia bwana shamba wilayani Igunga, mkoani Tabora, na kazi niliyokabidhiwa iliwashangaza wakulima wengi: kuhesabu wadudu ambao hakuna aliyekusudia kuwaua. Mama mmoja alikubali tuligawe shamba lake, tukiacha nafasi pana katikati, kwa kuwa wadudu warukao huhamia haraka kipande cha jirani na kuficha madhara yaliyotokea. Upande mmoja angepulizia dawa ya jamii ya paretroidi, inayoua wadudu wa aina nyingi bila kuchagua, kila baada ya wiki mbili, kama alivyozoea. Upande wa pili haungeguswa.

Kabla bomba halijajazwa tulihesabu pande zote mbili, maana bila hesabu ya mwanzo mtu hawezi kujua kama kilichopungua kimeondolewa na dawa au na mvua. Tulifukia chupa za maji zilizokatwa, midomo yake ikilingana na uso wa udongo, tukatia maji ya sabuni ili kuwanasa mbawakawa na sisimizi wanaowinda usiku. Kisha tukageuza majani.

Chini ya jani moja mama aliona lava mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa. "Mwanangu, huyu si ndiye anayenimalizia pamba?" Nikamwomba asimponde, amtazame kwanza. Lava yule, ambaye akikomaa huwa mdudu kibibi, alimkamata mdudu mafuta, kidudu kidogo kinachofyonza utomvu wa pamba, akamfyonza hadi akabaki ngozi, akamwendea mwingine. Kando yake walikuwapo wadudu mafuta waliovimba na kukauka, rangi ya kahawia, kila mmoja na tundu la duara mgongoni alimotokea nyigu mdogo aliyekulia ndani yake. Mama alikaa pale muda mrefu, bila kusema neno.

Baada ya kupulizia, wadudu mafuta walipungua sana, na mtu angeweza kuridhika. Lakini chupa za upande ule zilikuwa karibu tupu, na wadudu kibibi hawakuonekana tena. Punde wadudu mafuta wakarudi, wengi kuliko upande ambao haukuguswa, kwa sababu jike lao huzaa bila kupandwa, nao watoto wake hukomaa katika muda wa wiki moja hivi, ilhali mdudu kibibi huhitaji wiki kadhaa kutoka yai hadi kukomaa. Shamba moja halitoshi kuihukumu dawa, lakini tangu siku zile siikubali sifa ya dawa yoyote inayopimwa kwa mizoga ya waharibifu peke yake.

Mzunguko uliofuata mama aligeuza majani kwanza, akaahirisha kupulizia. Funza wa vitumba walipozidi baadaye alilazimika kutumia dawa, nasi tukafukia chupa upya, safari hii tukitaka kujua mbawakawa wangechukua muda gani kurejea.