Mizani 17

Mwanangu alikuwa na wiki saba usiku ule. Saa tisa ilikuwa imepita, ameshanyonya, ameshacheua, nepi imebadilishwa, na bado yu macho. Nikimlaza, analia; nikimpakata, ananyamaza. Basi nikakaa kitini gizani, yeye kifuani, nami natafuta mistari mitatu ya shairi.

Kabla ya kujifungua nilikuwa mtu wa tarbia. Mistari minne, kila mmoja mizani, yaani silabi, 16, vina vya kati na vya mwisho: ubeti mmoja tu unakula mizani 64. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimemaliza hata mmoja. Nikipata ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, kilio. Nikirudi, utao, nusu ya pili, umeshanitoka. Haiku ya Wajapani ina 17 tu, tano, saba, tano, wala haidai kina. Hiyo ilinitosha kati ya kilio na kilio.

Ila nilikuwa naziandika vibaya. Daftari lilijaa “furaha ya mama” na “moyo wapenda”. Hesabu ilitimia, lakini mtoto mwenyewe hakuwamo. Haiku inataka kitu ulichokiona, na kwa desturi yao iwemo alama ya msimu. Hisia msomaji ataipata mwenyewe. Nililijua hilo kwa kusoma. Kwa mkono, bado.

Usiku ule nilihesabia vidole vyake. Mstari wa mizani tano, mkono mmoja. Wa saba, mkono mmoja na vidole viwili vya pili yake. Nilipofungua ngumi yake nikakuta nyuzi za blanketi zimejikusanya kwenye mikunjo ya kiganja, nyeupe, zina unyevunyevu. Nikazitoa moja moja. Nikaanza kuhesabu tena, na nilipofika kidole gumba, mkono mzima ukajifumba juu ya kidole changu cha shahada. Nikaacha kuhesabu. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani.

Kisha matone yakaanza kugonga paa, machache, halafu mengi, na nikahisi vidole vyake vinalegea, kimoja, kingine, hadi kidole changu kikabaki peke yake hewani. Amelala. Sikuthubutu kusimama kufuata kalamu, nikawa nayarudia maneno haya kimoyomoyo mpaka alfajiri:

Mvua yaanza;
mtoto kaachia
kidole changu.

Nilikagua hesabu kama mwalimu wangu wa ushairi alivyonizoesha. “Mvua” ni mizani mbili, mvu-a, kwa kuwa m yake imeshikamana na v. “Mtoto” ni tatu, kwa sababu m yake inasimama peke yake. Wajapani nao huihesabu n ya mwisho wa silabi kuwa pigo kamili, na jambo hilo lilinifurahisha sana: hesabu yao ilikuwa jirani na yetu kuliko nilivyodhani.

Kulipokucha niliiandika nyuma ya kadi ya kliniki, karatasi iliyokuwa karibu. Nilitamani kuongeza “nakupenda”. Ni mizani nne, na nafasi haikuwepo. Nikaiacha kadi mezani, nikaenda kumwinua, maana alikuwa ameshaamka, na viganja vyake vimeshajaa nyuzi nyingine.