Kofia Yangu Haikuwa ya Jamaica

Kofia niliinunua Kariakoo, ya kufuma, nyekundu, njano na kijani. Mdogo wangu alikuwa ana mwaka wa sita Toronto, amepanga chumba cha chini kwa bibi mmoja Mjamaika, na aliniambia nisiende kwa mwenye nyumba mikono mitupu. Nikaona hapo sina kazi ya kufikiri. Nani kwetu asiyezijua rangi za Jamaica? Ziko kwenye bajaji, ziko kwa vinyozi, ziko kwenye bangili za shanga zinazouzwa ufukweni.

Ndege ilipitia Addis Ababa. Nilikaa uwanjani saa nne, bendera ya Ethiopia iko kila ninapogeuza shingo, kofia imo kwenye begi la mkononi, na bado akili haikushtuka.

Nilifika Jumapili, Agosti 4, 2019. Mwenye nyumba anaitwa Anti na kila mtu, hata na mwenye duka la jirani. Mdogo wangu alimpa shikamoo, naye akaitikia "marahaba" ya kuvuta, kama mtu anayeimba. Kumbe amemfundisha. Nikatoa zawadi yangu kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaisifu ufumaji wake, kisha akauliza, "Mwanangu, ulipitia Ethiopia?"

"Nilipitia, Anti. Lakini kofia ni ya kwenu."

Akanishika kiganja akanipeleka dirisha la mbele. Palikuwa na bendera imetundikwa kwa vibanio vya nguo, maana Agosti 6 ndiyo siku yao ya uhuru. "Haya, nionyeshe nyekundu iko wapi."

Haikuwepo. Mistari miwili ya njano imekatana mshazari, kijani juu na chini, nyeusi kushoto na kulia. Basi. Zile rangi tatu tunazozipaka kila mahali ni za Ethiopia. Marasta walizichukua kwa ajili ya Haile Selassie, na muziki wa rege ukazisambaza mpaka kwetu. Anti ni mama wa kanisa, ana binamu Marasta na anawapenda, lakini kwake bendera ni bendera.

Aibu ya pili ilinijia nikiwa bado nimesimama pale dirishani. Kijani, njano, nyeusi: si ndiyo rangi za Tanganyika ya Desemba 1961? Wao walipata uhuru 1962, miezi minane baadaye. Hata huo mshazari tunao, tangu tulipoungana na Zanzibar na buluu ikaingia. Nilimwonyesha bendera yetu kwenye simu. Akaivuta karibu na miwani. "Sasa hii," akasema, "ndiyo ungeniletea."

Kesho yake mdogo wangu alikuwa mapumziko, tukapanda basi namba 32 kwenda Eglinton West, mtaa ambao watu wa Toronto huuita Little Jamaica. Nilitegemea shamrashamra. Nikakuta uzio. Tangu 2011 barabara hiyo ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya treni mpya, na maduka yalikuwa yamejificha nyuma ya vizuizi, mengine yamebandika karatasi vioo vizima. Wateja walipita kwenye vijia vyembamba wakikanyaga kokoto, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Ila ukifungua mlango wowote, ndani kuna Jamaica: besi inatetemesha vioo, mikate mizito imepangwa, viazi vikuu, makopo ya tunda lao liitwalo ackee. Na mapipa. Mapipa makubwa matupu yanauzwa mlangoni mwa duka kama sisi tunavyouza ndoo. Sikuelewa ya nini.

Kwa kinyozi niliingia kunyoa nikatoka baada ya saa mbili. Mzee mmoja aliposikia natoka Tanzania aliinua mkono: "Nyerere! Rafiki wa Manley!" Manley, waziri mkuu wao wa zamani. Nikapewa kiti cha mbele. Mjadala ulikuwa wa mbio, na nilivyoambiwa, humo ndani mjadala huwa wa mbio siku zote. Ben Johnson, mzaliwa wa Falmouth, Jamaica, alipokimbia mita 100 kule Seoul 1988 kwa sekunde 9.79, aliondoka uwanjani akiwa Mkanada. Siku tatu baadaye dawa za kuongeza nguvu zikagundulika mwilini mwake, akanyang'anywa medali, na magazeti yakakumbuka ghafla kwamba ni Mjamaika. Kinyozi alisimulia huku wembe umesimama hewani juu ya sikio langu. Miaka minane mbele, Donovan Bailey, naye mzaliwa wa Jamaica, akashinda Atlanta kwa 9.84, rekodi ya dunia, na safari hiyo hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Wote mle ndani walikuwa wanaijua hadithi hiyo neno kwa neno, na bado walicheka kana kwamba imetokea jana.

Njaa ikatupeleka kwenye foleni ya patty. Kwa asiyeijua: ni kama sambusa iliyonenepa, umbo la nusu mwezi, unga wake wa njano kwa bizari, ndani nyama ya kusaga yenye pilipili inayochelewa kuuma. Mwenyeji huitia ndani ya mkate laini uitwao coco bread, yaani unga ndani ya unga, na usithubutu kuuliza sababu. Mwaka 1985 wakaguzi wa serikali ya Kanada waliwaambia waokaji kwamba hawaruhusiwi kuiita patty ya ng'ombe, kwa kuwa kwa sheria patty ni nyama tupu, ile ya hambaga, haina ganda. Waokaji wakagoma. Mzozo ukafika kwenye magazeti na televisheni, na suluhu ikawa kuiita patty ya Kijamaika. Februari 23 mwaka huo ikasherehekewa kuwa siku yake. Serikali ilitaka kulifuta jina, ikaishia kukipa kitafunwa utaifa. Mimi nilikula tatu.

Jirani na makutano ya Oakwood kuna kichochoro kiitwacho Reggae Lane, na ukuta mzima uliochorwa na Adrian Hayles 2015. Sura ya Leroy Sibbles, mwimbaji wa kundi la rege la The Heptones, imo. Aliishi jiji hili miaka mingi. Ukuta uko mbele ya maegesho ya magari, kwa hiyo ili nimpige picha Sibbles vizuri ilibidi nisubiri mtu aondoe gari lake.

Siku ya uhuru yenyewe Anti alipika. Nilikaa jikoni naye tangu saa nne asubuhi. Maharage mekundu yalikwishachemka. Akamimina tui la kopo, akatia majani ya thyme, vitunguu vya majani, punje za pimento, kisha mchele. Mwisho akaweka juu pilipili moja mbichi, nzima, akiilaza taratibu kama yai. Ile pilipili hutoa harufu tu. Ikipasuka, umeharibu chakula cha watu kumi. Akaniambia hii ni rice and peas, kwa jina wali na njegere, chakula ambacho ulimwengu hauna.

Nikamwambia kwetu Tanga ni wali wa nazi na maharage.

"Hapana," akasema. "Hizi ni peas."

Sikubishana. Nilimweleza tu kwamba sisi hukuna nazi kwa mbuzi, akaacha mwiko. Mama yake alikuwa akikuna nazi kila Jumapili kule Clarendon. Ndipo akaanza kusimulia. Alikuja 1966, ana miaka 22, kwa mpango wa wasichana wa kazi za ndani. Kanada iliuanza 1955 kwa wanawake 100, 75 wa Jamaica na 25 wa Barbados. Masharti: uwe hujaolewa, huna mtoto, na utumike mwaka mzima nyumbani kwa mtu. Yeye kwao alikuwa mwalimu msaidizi. Aliacha chaki akashika deki.

Mjukuu wake, mzaliwa wa hapa, aliingia akiwa amevaa fulana ya bendera. Wakaanza ugomvi wao wa kila Agosti. Anti alifundishwa 1962 kwamba nyeusi ni shida zilizopo, ila nchi ni kijani na jua linawaka. Serikali ya Jamaica ilibadilisha maana hiyo 1996. Siku hizi nyeusi ni nguvu na ubunifu wa watu wake. Binti aliisoma simuni kwa sauti. Anti akaendelea kukoroga. "Walibadilisha mimi nikiwa huku," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Jioni nilishuka chini kulala, nikalikuta pipa lake kwenye korido. Sikuwa nimelitazama vizuri kabla. Pipa moja hulijaza miezi, litafika Jamaica Krismasi. Nauli ni ya pipa zima, haiangalii uzito, kwa hiyo hakuna hewa inayosafirishwa bure: viatu vimejazwa soksi, soksi zimejazwa sabuni, sufuria imejazwa mchele, na mchele umezungushiwa taulo. Juu palikuwa na kadi ya kumtakia binti yake heri ya kutimiza miaka 55.

Nilipiga hesabu bila kukusudia. Hamsini na tano, toa kwenye 2019.

Kulikuwa na wanawake saba wa Kijamaika waliokuja Kanada kufanya kazi za ndani, wakagundulika miaka ya sabini kwamba waliacha watoto nyumbani na hawakuwataja kwenye fomu. Waliamriwa kuondoka, wenzao wakaandamana, mpaka 1979 wakaruhusiwa kubaki. Kesi hiyo Anti alikuwa ameitaja mwenyewe wakati tunakula, kwa kirefu, akijua jina la kila mmoja wao. Habari zake hakusema. Nami sikuuliza.

Alishuka ngazi akiwa na mkebe wa maziwa mkononi na kofia yangu kwapani. Akanikabidhi mkebe nimshikie. Kofia akaikunja mara mbili, akaitafutia upenyo pembeni mwa sufuria, akaisukuma kwa ngumi mpaka ikazama.

"Kuna kitukuu changu kule amefuga rasta," akasema. "Huyo naye bendera haijui."

Kisha akachukua mkebe wake akautia juu.