Nilivyoongeza ufuta kwenye programu ya korosho kwa kutumia matawi ya Git

Programu ninayoitunza hapa Nachingwea ina kazi moja: karani wa chama cha msingi akipima korosho za mkulima, anaingiza kilo, daraja na idadi ya magunia, nayo inatoa stakabadhi. Baada ya mnada inapiga hesabu ya malipo, yaani bei iliyopatikana, makato, na kinachobaki kwa mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho mwaka 2007, na wakulima wa Kusini wanaujua barabara. Mtu akikuta makato yake yamepishana na ya jirani yake, anarudi ofisini na karatasi mkononi kudai maelezo, na ni haki yake. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Januari programu hiyo hairuhusiwi kuyumba hata siku moja.

Katikati ya msimu wa 2023/24 chama kikaniomba niongeze ufuta. Huku Lindi ufuta nao unapitia ghala na mnada kama korosho, na kuupima kunaanza masika yanapokwisha. Madaraja si yale ya korosho, makato ni mengine, na gunia lina uzito mwingine. Ilikuwa kazi ya miezi, tena ndani ya mafaili yaleyale ambayo karani alikuwa anayategemea kila asubuhi. Vijana wengi wa kompyuta ninaokutana nao Masasi na Mtwara mjini, wakifika hapo, wanakopi folda nzima na kuendelea kwenye nakala. Tatizo linakuja siku ya kurudisha kazi mahali pake: folda mbili, zote zimebadilika, na hakuna anayeweza kusema mstari upi uliguswa lini na kwa sababu gani. Mimi nilitumia matawi ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Tawi ni njia ya pembeni ya kazi, isiyogusa ile kuu mpaka uiunganishe.

Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

```
git status
git switch -c ufuta main
```

Mstari wa kwanza ni wa kujiridhisha kwamba hakuna kazi iliyoachwa njiani bila kuhifadhiwa. Wa pili unaunda tawi liitwalo ufuta kuanzia kwenye tawi kuu, main, na kukuhamishia humo papo hapo. Kutaja main mwishoni ni tabia ninayoipendekeza kwa kila mtu, kwa sababu usipotaja mwanzo, tawi jipya linaota pale uliposimama, na huenda umesimama kwenye kazi nyingine kabisa. Amri ya switch ilikuja na toleo la 2.23 la Agosti 2019. Kwenye kompyuta yenye Git ya zamani zaidi, `git checkout -b ufuta main` inafanya kazi ileile. Ukiandika `git branch ufuta` peke yake, tawi linaundwa ila wewe unabaki ulipokuwa.

Kilichonifanya niamini matawi ni kuangalia ndani. Kwenye folda ya mradi kuna folda iliyofichwa, .git, na humo kuna refs/heads. Niliandika `cat .git/refs/heads/ufuta`, ikatoka namba moja ndefu ya herufi na tarakimu 40. Tawi lote ni hilo tu. Faili la baiti 41, ukihesabu na alama ya mwisho wa mstari. Namba hiyo inaonyesha komiti ya mwisho ya tawi, komiti ikiwa ni hatua ya kazi iliyohifadhiwa pamoja na ujumbe wake. Ukihifadhi hatua mpya, namba inabadilika kuionyesha hiyo mpya. Ni kama kibandiko kinachohamishwa kila mara kwenye gunia lililoingia mwisho ghalani: magunia hayasogei. Hakuna faili lililokopiwa wala nafasi iliyoliwa, ndiyo maana siogopi kuunda tawi hata kwa marekebisho ya mstari mmoja.

Jina nalo linataka uangalifu. Nafasi hairuhusiwi ndani ya jina la tawi, mkwaju (/) unaruhusiwa. Lakini ukishakuwa na tawi liitwalo ufuta huwezi kuunda ufuta/makato, kwa kuwa mkwaju unadai folda iitwayo ufuta, na pale tayari pana faili lenye jina hilo. Git itakataa, na ujumbe wake unatatiza mtu asiyejua sababu. Ukijua kazi itakuwa na vipande, anza moja kwa moja na ufuta/makato na ufuta/stakabadhi.

Jaribio lenyewe lilikuja mizani ilipobadilishwa. Karani alipiga simu asubuhi: "Dada, mizani mpya inasoma nukta, programu inazikataa. Watu wamepanga foleni na korosho zao." Wakati huo faili langu la makato lilikuwa limefumuliwa katikati kwa ajili ya ufuta, halifanyi kazi. Nilihifadhi lilivyo, nikahama:

```
git commit -am "ufuta: makato, bado"
git switch -c kilo-nukta main
```

Kwenye skrini mafaili yote yakarudi kuwa ya korosho tupu, kama vile ufuta haujawahi kutajwa. Nikarekebisha sehemu ya kilo, nikaijaribu kwa uzito wa kweli alionisomea karani, nikaihifadhi, kisha nikaiunganisha na main na kulifuta tawi lake:

```
git switch main
git merge kilo-nukta
git branch -d kilo-nukta
```

Nikalipeleka toleo jipya kwenye seva, karani akalivuta na kazi ya kupima ikaendelea. Ieleweke tu kwamba `-a` kwenye komiti inachukua mafaili ambayo Git inayafahamu tayari. Faili jipya linahitaji `git add` kwanza.

Baada ya hapo nilirudi kwenye ufuta na kuingiza marekebisho yaleyale, kwa `git switch ufuta` na `git merge main`. Nilifanya hivyo kila main ilipoguswa, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: tawi la muda mrefu lilishwe marekebisho ya tawi kuu mara kwa mara. Ukingoja hadi mwisho, migongano yote inakuja siku moja. Siku hiyo nilipata mmoja tu, kwenye makato.py:

```
<<<<<<< HEAD
makato = kilo * viwango[zao]
=======
makato = round(kilo, 1) * KIWANGO
>>>>>>> main
```

Sehemu ya juu ni ya tawi nililosimama, ufuta. Ya chini ni ya main. Git haikukosea kusimama hapo, maana pande zote mbili ziligusa mstari mmoja kwa sababu mbili tofauti, na zote halali. Ningeweza kukisia jibu, lakini swali lililokuwa pale lilikuwa la chama kuliko la kompyuta: je, ufuta nao unahesabiwa hadi nukta moja? Nikampigia katibu.

"Mzee, shikamoo. Kilo za ufuta tutazisoma hadi nukta ngapi?"

"Marahaba. Moja, mwanangu, kama korosho. Mizani si ileile?"

Mstari ukawa `makato = round(kilo, 1) * viwango[zao]`. Nikafuta alama zote tatu, nikaandika `git add makato.py` na `git commit`. Katibu asingepatikana, ningeandika `git merge --abort`, kila kitu kingerudi kilivyokuwa kabla, nami ningesubiri jibu lake.

Kisha ikaja Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga pwani, barabara ya Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, na tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Ufuta ulikuwa unakaribia kupimwa. Kazi yangu haikusimama. Linus Torvalds alipoanza kuitengeneza Git mwaka 2005 kwa ajili ya kernel, yaani kiini, ya mfumo wa Linux, aliijenga ili kila kompyuta iwe na historia yote ya mradi. Kuunda tawi, kuhama na kuunganisha hakuhitaji bando. Ningekuwa bado kwenye Subversion, programu nyingine ya kutunza historia ya mafaili, ambako historia inakaa kwenye seva, nisingeweza hata kuhifadhi hatua moja.

Niliunganisha kwa `git merge --no-ff ufuta` nikiwa kwenye main, ili historia ionyeshe wazi ufuta uliingilia wapi. Kwa kuwa karani hakuweza kuvuta kutoka kwenye seva, nilifunga historia yote kwenye faili moja:

```
git bundle create mizani.bundle --all
```

Faili likaenda kwenye flashi, flashi ikapanda bodaboda hadi ofisi ya chama. Nilimwongoza karani kwa simu hadi akaandika `git pull D:/mizani.bundle main`. Stakabadhi ya kwanza ya majaribio ilitoka ikiwa na neno Ufuta juu na makato sahihi chini, naye akanisomea mstari kwa mstari nikilinganisha na daftari langu.

Nililifuta tawi la ufuta kwa `git branch -d ufuta`. Herufi ndogo d inakubali kufuta pale tu kazi ilipokwisha kuunganishwa. D kubwa inafuta bila kuuliza, na siitumii kwenye mradi wenye fedha za watu. Sasa kuna tawi la mbaazi. Bado halijaingia main, kwa sababu chama hakijanipa orodha kamili ya makato yake, na mpaka orodha hiyo ifike, linapokea marekebisho ya main kila yanapotokea na karani hana haja ya kujua kama lipo.