Mwakani shukeni Voi

Wanairobi wenzangu mnaopanga likizo, msikimbilie bahari tu. Treni ikisimama Voi, shukeni, mpande matatu ya Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Ukipita Mwatate barabara inaanza kupanda, kona baada ya kona, na joto la bondeni unalisahau.

Kilichonishika moyo ni msitu wa Ngangao. Ingieni asubuhi na mapema mkiwa na mwongozaji wa pale kijijini, maana macho yetu ya mjini hayaoni kitu. Humo kuna ndege wasiopatikana popote duniani ila milima ya Taita. Mmoja ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, naye huokota wadudu kwenye majani makavu chini ya miti. Misitu yao imebaki vipande vidogo vidogo, jambo linaloniuma sana. Kwa hiyo mlipeni mwongozaji vizuri, jamani.

Kuna pia kilele cha Vuria, mita 2,208. Anga ikiwa safi, Kilimanjaro unauona. Mkishuka, ulizeni kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Januari na Februari njia huwa kavu. Aprili ni tope.