Kabla ya Kanzu ya Pili

Kila anayekuja kutupa pole hapa Mikindani anatuletea kisa cha Nabii Yusuf. Kisa kizuri, sikikatai. Ila wengi wanakisimulia kwa kuanzia mwisho: Yusuf keshakuwa mkubwa Misri, kanzu imewekwa usoni kwa baba yake, macho yamefunguka, basi na nyinyi subirini. Mgeni akimaliza, mama anaitikia inshallah na kumtengea ming'oko. Mimi nabaki na langu moyoni.

Kaka yangu alikuwa Palma. Watu wa Mtwara nikisema hivyo wananyamaza. Kwa wa mbali niseme Palma ni mji wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na sisi wa huku tuna ndugu kule tangu enzi za mababu. Unavuka mto pale Kilambo, unakuta watu wanaongea Kimakonde na Kiswahili kama walioko nyumbani kwako. Mradi wa gesi wa Afungi uliposhamiri mafundi wengi walifuata kazi, naye ni seremala, akaenda. Tarehe 24 Machi 2021 mji ukavamiwa. Wengine walikimbilia porini, wengine wakapanda vyombo kwenda Pemba (ile ya Msumbiji, siyo ya karafuu), wengine wakaja hadi mtoni. Aliokuwa akilala nao nyumba moja tuliwapata baadaye. Mmoja anasema alimwona akielekea pwani. Mwenzake anasema yule hakuwa yeye. Tangu siku hiyo hatuna neno lingine.

Kifo kina utaratibu wake. Watu wanajaa, maziko, matanga, hitima, kisha mnarudi shambani. Sisi hatukutandika hata mkeka. Ukiutandika, umemzika mtu ambaye huenda yu hai. Usipoutandika, huenda unamnyima aliyetangulia haki yake ya kuombewa.

Sasa nirudi kwa Nabii Yaakub, baba yake Yusuf. Aliposema "subira njema" alikuwa ameshikishwa kanzu ya kwanza, ile yenye damu ya uongo. Ya pili haikuwapo. Na katikati ya kanzu hizo mbili alilia mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamwambia atajimaliza kwa kumkumbuka Yusuf, naye akawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mungu peke yake. Kwa hiyo yule jirani anayemkataza mama kulia, ati ni upungufu wa imani, sijui yeye alisomea chuo gani.

Tena mfikirie mama yake Musa. Aliambiwa waziwazi kuwa mtoto atarudishwa kwake, na bado moyo wake ukawa mtupu. Huyo ni mwenye ahadi! Sisi hatukuahidiwa kurudishiwa mtu. Ndiyo maana nimeacha kusema "najua atarudi." Nasema Mungu anajua alipo, na aliloliandika juu yake halikuandikwa kwa kumchukia. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa naropoka.

Shaabani ikikaribia, mimi ndiye ninayeandika majina ya marehemu wetu kwa ajili ya hitima, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Babu, bibi, baba, shangazi wa Msimbati. Kalamu ikifika kwa kaka inasimama. Nilimfuata shehe, nikategemea atanipa maneno marefu. Akanikumbusha dua tunayoisikia kila jeneza linaposwaliwa: Mola wasamehe walio hai wetu na waliokufa wetu, waliopo wetu na wasiokuwepo. "Wasiokuwepo wamo humo," akasema, "wewe muombee tu, Mungu hasubiri umpangie foleni." Jina lake sasa halimo kwenye karatasi, na namuombea.

Wifi yangu yeye alikwenda kuuliza lake. Akaelezwa hukumu inayosimuliwa kutoka kwa Sayidina Umar, kwamba mke wa mume aliyepotea asubiri miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, baada ya hapo ni huru. Akaelezwa pia kuwa wanazuoni hawakukubaliana wote. Alifikiri muda mrefu, mwishowe akakaa eda. Ndani ya nyumba ileile, mama anamuombea mwanawe kama msafiri, na chumba cha pili mkwe amekaa eda ya mumewe. Niliogopa watagombana. Mama alimpikia uji miezi yote ile. Wapo waliosema mmoja wao amekata tamaa, na mimi sikuona hivyo. Kila mmoja alishika kile alichopewa kukibeba.

Mikorosho ya kaka bado ni ya kaka. Mwezi wa sita tunaweka kibarua wa kupuliza salfa, ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu, na hela ya mnada inakwenda kwenye sare na madaftari ya wanawe.

Juzi ililetwa posa kutoka Nanyamba. Mtu mzima, mgane, ana duka la vipuri vya pikipiki. Mama ndiye aliyemhoji, maswali mpaka mshenga akaanza kutokwa jasho. Mwisho akatoa sharti lake: namba ya simu ya wifi, ile anayoijua kaka, isibadilishwe wala kuachwa ikafungiwa, na ikiita usiku ipokewe. Bwana amekubali. Mahari bado inajadiliwa.