Uzoefu wangu: tangi la matumbawe bila tangi la chini

Kabati linalobeba tangi langu la lita 200 halina nafasi ya tangi la pili chini yake la kuchujia maji, na kioo sikutaka kukitoboa ili kuyapeleka huko. Vifaa ambavyo wengine huvificha kabatini, mimi ilibidi niviweke ndani ya tangi au nivining'inize mgongoni mwake.

Nilianza na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye vinyweleo vinavyokaliwa na bakteria, maana hayo ndiyo chujio lenyewe, mashine ni wasaidizi. Bakteria wa juu ya mawe hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Ndani kabisa ya vinyweleo, kusikofika oksijeni, wapo wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi ya nitrojeni. Niliyapandanisha kwa mianya mingi, na nyuma nikaacha upenyo kati yake na kioo, kwani pasipopita maji uchafu hurundikana bila kuonekana. Samaki walisubiri hadi amonia na nitriti zikasoma sifuri.

Pampu za mikondo ni mbili, moja kila upande, jumla lita 5,000 kwa saa, yaani mara 25 ya ujazo wa tangi. Kazi yake ni kuzuia kinyesi na mabaki ya chakula yasitue, yaelee mpaka yanaswe.

Kilichonishughulisha kuliko vyote ni skima, kifaa kinachochanganya maji na viputo vya hewa ili povu libebe uchafu hadi kwenye kikombe. Nilichukua ya kuning'inia, inayovuta maji ya juu, kwa sababu tangi lisilo na mfereji wa kumwagia maji hufanya utando wa mafuta usoni, na utando huo huzuia hewa kuingia. Tatizo la skima ya namna hii ni kwamba inategemea kina cha maji ya tangi. Kwenye mfumo wenye tangi la chini, maji yakikauka hupungua huko chini. Kwangu yanapungua palepale inapovuta skima. Yakishuka sentimita moja tu, povu linalegea na kikombe kinabaki kikavu. Nikajaribu kuizungusha valvu kila asubuhi, kazi ya kuchosha bure. Dawa ilikuwa kifaa kidogo chenye kihisio kinachojaza maji chenyewe. Kinajaza maji baridi yasiyo na madini, si ya chumvi, kwa kuwa kinachopaa ni maji tu na chumvi hubaki. Tangu hapo povu limetulia, na chumvi haichezi kutoka gramu 35 kwa kilo. Viputo vilivyokuwa vikirudi tangini nilivizuia kwa kipande cha sponji kwenye mdomo wa kutolea maji, nacho husuuzwa mara kwa mara.

Pembeni ya skima kuna chujio dogo la kuning'inia, lenye pamba na mkaa amilifu. Pamba naitupa kila baada ya siku 2 au 3, kabla uchafu ulionaswa haujaoza na kurudi majini. Ndiyo sababu sikutaka chujio la kopo la kufungwa: si baya, ila lataka kufunguliwa na kusafishwa kila mara, na mimi najijua, kisichoonekana nakisahau.

Kila wiki nabadilisha lita 20, nikifyonza uchafu wa mchangani kwa mpira. Kwa matumbawe laini niliyonayo, hayo yanatosha kurudisha kalsiamu na alkali. Ningefuga yale magumu yanayojenga mifupa kwa kasi, ningelazimika kuziongeza kila siku.

Umeme ukikatika hakuna maji ya kufurika sakafuni, faida ambayo wapenzi wa tangi la chini huitaja kwa shingo upande. Hatari ni oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iko tayari wakati wote.

Samaki nimewaweka wachache na wadogo. Nitrati naitaka kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita. Ikipanda, naanza kwa kupunguza chakula na kuongeza kiasi cha maji ninayobadilisha, mashine siigusi kwanza.